Lebo ya Shingoni

Tumbaku ndiyo iliyonisomesha matangazo. Nalisema hili mapema kwa sababu nikiwaambia watu wa Dar es Salaam kwamba kwetu ni Usoke, huuliza ni wapi, na nikisema ni wilaya ya Urambo, mkoa wa Tabora, kituo cha treni ukitoka Tabora kwenda Kigoma, hujibu, "Ahaa, kwenye asali!" Asali ipo. Lakini ada yangu ya chuo haikutoka kwenye mzinga. Ilitoka kwenye bani.

Kwa asiyejua, bani ni kibanda cha kukaushia tumbaku. Kabla ya kufika huko kuna kitalu, kupandikiza, palizi, kukata vikonyo, kuchuma majani na kuyatunga kwenye fito. Ndani ya bani moto wa kuni hauruhusiwi kuzimika usiku wala mchana, na mtu hulala mlangoni kama anauguza mgonjwa. Jani likikauka linapangwa kwa madaraja, linafungwa mitumba, mitumba inapelekwa sokoni. Pale sokoni anapita mteuzi. Anachomoa jani, analitazama, analikunja kwa vidole, kisha daraja linaandikwa kwenye tiketi ya mtumba. Basi. Kazi ya miezi ya familia nzima inakuwa herufi na tarakimu chache juu ya kipande cha karatasi, na baba yangu, ambaye nyumbani hakuna anayembishia, anasimama pembeni na kofia mkononi.

Nilikuwa mtoto nikidhani karatasi ile ndiyo yenye nguvu. Niliokota tiketi zilizodondoka, nikazinakili nyuma ya madaftari, na kila nilipoiga zile herufi nilijaribu kuziandika vizuri zaidi ya mwenye soko. Baadaye nikawa nasimama saa nzima kumtazama fundi mabango akichora jina la duka: anapiga mistari miwili kwa chaki, anaandika kwa penseli, kisha anajaza rangi bila kutetemeka. Nilipomaliza kidato cha nne nikamwambia baba nataka kusomea ubunifu wa michoro na matangazo.

Baba alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza swali ambalo sijapata kulisikia likiulizwa vizuri zaidi na mwalimu yeyote: "Mama, utalipwa kwa kuandika jina la mtu mwingine. Sasa bei ya kazi yako atapanga nani?"

Sikuwa na jibu. Hata hivyo akalipa.

*

Chuo chetu kilikuwa ghorofani, Dar es Salaam, juu ya maduka ya simu. Miezi ya kwanza tulijifunza zana: Illustrator, Photoshop, aina za herufi, rangi za skrini na rangi za kiwandani, ukubwa wa karatasi. Nilivipenda vyote. Kilichonichosha ni kwamba kila kitu kilikuwa na jina la Kiingereza, na jina lenyewe likikupita, somo nalo limekupita. Nikaanza kuweka majina yangu pembeni mwa daftari. Siku ya kufundishwa mpangilio wa ukurasa, mwalimu alipoeleza ile nafasi inayozunguka maandishi, niliandika "pindo". Alipofika kwenye uwanja wa katikati niliandika "mji". Alipofika kwenye kichwa cha habari niliandika "jina". Ndiyo sehemu tatu za kanga, na kila mwanamke aliyenilea anazijua. Anajua pindo likizidi upana mji unabanwa. Anajua jina likiwa halina maana kanga itadoda dukani hata maua yawe mazuri namna gani. Mama hakuingia darasa la ubunifu hata siku moja, lakini hajawahi kununua kanga kabla ya kuisoma.

Mwaka wa kwanza kulikuwa na somo moja la pakiti za sigara. Mwalimu alieleza jinsi sheria ya mwaka 2003 ya kudhibiti bidhaa za tumbaku inavyobana matangazo yake, na jinsi onyo la afya linavyopaswa kupata nafasi yake kwenye pakiti. Wenzangu walichangamka. Mmoja akasema angekataa kazi yoyote ya sigara, hata alipwe mamilioni, kwa sababu hiyo ni kuuza kifo. Wengi wakapiga meza kumuunga mkono. Nami nilikubaliana naye. Wakati huohuo nilikuwa nimekaa kwenye kiti ambacho kimelipiwa na jani lilelile. Kwetu hakuna anayeita tumbaku kifo. Inaitwa ada, bati, sare. Ilishika Urambo baada ya ule mradi mkubwa wa karanga wa serikali ya kikoloni, ulioanza mwaka 1947, kufa baada ya miaka michache tu, na tangu hapo miaka yetu inahesabiwa kwa misimu ya soko. Siku ile sikusema neno darasani. Lakini nilianza kuelewa kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa na majina mawili, na kwamba anayechagua jina la kuandika kwenye pakiti amechagua pia upande wa kusimama.

*

Mwaka wa pili tulipewa kazi ya kuandika historia fupi ya matangazo ya biashara katika sehemu tunakotoka. Wenzangu wa Dar walikuwa na magazeti ya zamani, sinema, mabango ya sabuni. Mimi nilikuwa na Tabora. Nikaanza kusoma habari za misafara, na hapo ndipo nilipopata mshangao mkubwa kuliko yote ya chuo.

Tunajifunza shuleni kwamba njia kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilikuwa ya pembe na watumwa, na kwamba wapagazi wake mashuhuri walikuwa Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili, zaidi ya kilo 30. Hayo ni kweli na ni mazito. Lakini ndani ya mizigo ile, kwenda bara, kulikuwa na nini? Nguo na shanga. Na mzigo wa nguo uliitwa mtumba, neno lilelile ambalo baba analitumia kwa tumbaku na mimi kwa suruali za Karume.

Richard Burton, Mwingereza aliyefika Kaze, yaani Tabora, Novemba 1857, aliandika kwamba shanga za biashara zilikuwa na aina kama 400. Mwenye msafara alipaswa kujua ni rangi ipi inapokelewa wapi. Shanga iliyogombewa kwa watu hawa, safari ya siku chache mbele ilikuwa kokoto tu. Kule Ujiji kulikuwa na shanga zilizoitwa sofi zilizotumika sokoni kama fedha. Mtu aliyebeba rangi isiyotakiwa alikuwa na mzigo wa kilo 30 usioweza kununua hata kuku.

Kilichonifanya nisimame ni majina. Shanga nyekundu za samesame zilikuwa na majina mengine mawili ya mitaani. Moja lilikuwa kimara-pamba, yaani kimaliza-chakula, kwa sababu mtu alikuwa tayari kukosa chakula chake ili azipate. La pili lilikuwa kivunja-mji, kwa sababu, walisema, wanawake wangefilisi nyumba zao kwa ajili yake. Nilisoma nikacheka peke yangu maktaba. Kivunja-mji! Hakuna kampuni ya matangazo iliyokaa mezani kutunga jina hilo. Lilitungwa na watu walioijua tamaa ya mteja kwa sababu waliishi naye.

Na merikani je? Kitambaa kile kilitoka kwenye viwanda vya Massachusetts, kikaletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia mwaka 1861, vilivuruga biashara hiyo, na vitambaa vya viwanda vya kwingine vikaziba pengo. Jina lilibaki. Mtu alinunua merikani isiyotoka Marekani na akaridhika. Bidhaa ilibadilika, lakini jina likaendelea kufanya kazi.

Katika kazi yangu niliandika sentensi moja ambayo mwalimu aliipigia mstari: katika njia hii, kabla ya rangi na kabla ya picha, kinachouza ni jina. Nilidhani nimeandika juu ya historia.

*

Likizo ya mwaka ule, siku ya tatu tangu niteremke kwenye treni, mtoto wa baba mdogo alikunywa dawa ya wadudu.

Ana miaka minne. Baba yake alikuwa amenunua dawa ya kupulizia nyanya. Hakununua chupa nzima, kwani ni ghali. Alipimiwa kidogo kwenye chupa ya maji ya nusu lita, kama wengi wanavyofanya. Akaichanganya na maji, ikawa nyeupe kama maziwa. Iliyobaki akaiweka pembeni ya mlango, kivulini. Mtoto alitoka kucheza, ana kiu, akaona chupa ya maji yenye maziwa ndani.

Alipiga funda moja, akaitema, akaanza kulia na kutokwa na udenda. Tulimkimbiza kituo cha afya kwa pikipiki, mimi nyuma nimemkumbatia, nguo yangu imelowa. Mhudumu alimpokea haraka na swali lake la kwanza lilikuwa jepesi kabisa: "Amekunywa nini?"

Baba mdogo akajibu, "Dawa."

"Dawa gani?"

"Ya wadudu."

"Inaitwaje? Iko wapi chupa yake?"

Nilikuwa nimekuja nayo. Nikamkabidhi. Lebo yake ya bluu ilikuwa bado ipo, safi, imechapishwa vizuri: matone, mlima wenye theluji, na maneno "maji safi ya kunywa". Yule mhudumu aliigeuza mara mbili, akaniangalia, akaiweka mezani. Hakuna mtu katika chumba kile aliyeweza kutaja jina la kitu kilichokuwa tumboni mwa mtoto, na bila jina yeye alikuwa anatibu kwa kukisia. Mtu alitumwa arudi dukani kuuliza. Ilichukua karibu saa nzima. Nimekaa kwenye mabenchi mengi maishani. Sijakaa kwenye refu kama lile.

Mtoto alipona. Siku ya pili jioni aliomba uji, akanywa, akataka mwingine. Baba mdogo alikwenda nyuma ya nyumba akakaa huko mpaka giza.

*

Nilirudi chuoni na kazi yangu ya kuhitimu tayari kichwani. Wenzangu walichagua nembo za hoteli, vifungashio vya kahawa, kampeni za simu. Mimi nilisema nitatengeneza lebo ya dawa ya wadudu inayopimwa kwenye chupa za mitaani.

Mwalimu mmoja alinipinga, na hoja yake haikuwa ndogo. "Wataalamu wa kilimo wanasema kila siku kitu hicho kiuzwe katika chombo chake cha asili. Wewe ukitengeneza lebo ya chupa ya kienyeji, si unahalalisha kosa?" Nilimjibu kwamba chupa ya kienyeji ipo tayari, na ina lebo. Imeandikwa maji safi ya kunywa. Alifikiri, akasema niendelee, lakini hoja yake niiandike ndani ya ripoti. Niliiandika, na bado naiheshimu. Njia sahihi ni mkulima kupata chupa ndogo halisi kwa bei anayoimudu. Hiyo siyo kazi ya mchoraji.

Kazi ya mchoraji ilikuwa kujua watu wanasoma nini. Nilichora alama nane kwenye kadi, nikapanda treni, nikazitembeza Usoke kwa wiki mbili, nyumba kwa nyumba, nikiuliza swali moja tu: hii inakuambia nini?

Kadi ya kwanza ilikuwa mikanda ya rangi. Chupa halisi za viuatilifu huwa na mkanda chini ya lebo, nyekundu kwa kali zaidi, kisha njano, bluu na kijani. Vijana wa kijiweni walipoona nyekundu walisema "Simba". Walipoona njano na kijani walisema "Yanga". Ugomvi ukaanza palepale na utafiti wangu ukasimama kwa dakika kumi. Hakuna hata mmoja aliyesema sumu.

Kadi ya pili, alama ya X nyekundu. Watoto wa shule walisema "umekosa". Wazee walisema nyumba itavunjwa. Unapoishi nchi hii karibu na barabara au reli, X nyekundu ukutani ina maana moja, na haihusiani na kunywa.

Kadi ya tatu, nyoka. Hapo nilikuwa na matumaini, maana nani haogopi nyoka? Watoto waliogopa. Mwanafunzi wa uuguzi alisema hilo ni duka la dawa. Bibi yangu alisema, "Hao ni Bayeye," akimaanisha wale wachezaji na waganga wa nyoka wa Kisukuma na Kinyamwezi, ambao kazi yao ni kumponya aliyeumwa. Kwa bibi, nyoka kwenye karatasi alikuwa habari ya tiba.

Kadi ya nne, fuvu na mifupa miwili. Bibi hakusita. "Hiyo ni ya nguzo za umeme. Usipande."

Nilimwandikia mwalimu wangu matokeo hayo, naye akanitumia habari ya Pittsburgh, Marekani. Huko, mwaka 1971, hospitali ya watoto ilitafuta alama mpya ya sumu kwa sababu fuvu halikuwa likiwatisha watoto. Mji ule una timu ya besiboli iitwayo Pirates, na fuvu liliwakumbusha maharamia na michezo. Wakawauliza watoto wenyewe ni sura gani na rangi gani wanaichukia. Ndipo ikapatikana ile sura ya kijani yenye ulimi nje, Mr. Yuk. Nilifarijika sana. Kumbe na kwao kuna Simba na Yanga.

Kadi zote nane zilirudi na majibu manane au zaidi. Lakini nilipokaa kupanga daftari, niliona jambo ambalo sikuwa nimelitafuta. Katika kila nyumba, nilipoeleza ninachofanya, watu walikitaja kile kitu kwa neno moja. Mama mwenye nyumba alisema dawa. Kijana alisema dawa. Muuzaji, baba mdogo, mimi mwenyewe nilipoanza kusimulia hapa, sote tumesema dawa. Serikali ina neno zuri, kiuatilifu, na liko kwenye vipeperushi. Sikulisikia likitamkwa uani hata mara moja. Dawa ndilo neno letu. Na dawa, kwa mtoto wa miaka minne, ni kile kitu ambacho mama hukushika kidevu na kukuambia kunywa, utapona.

Kabla ya rangi na kabla ya picha, jina. Nilikuwa nimeliandika mwenyewe.

*

Niliandika neno SUMU kwa herufi nene nyeusi juu ya karatasi ya njano, nikaacha mstari chini yake wa kuandikia jina la sumu yenyewe, kwa ajili ya yule mhudumu wa afya na saa yake moja. Hakuna mapambo. Nikaipeleka kwa mwenye duka la pembejeo.

Alinitazama kama niliyetumwa na washindani wake. "Dada, nikiandika sumu nani atanunua?"

Hilo ndilo swali halisi la somo la matangazo, na miaka yangu yote ya darasa haikuwa imenipa swali gumu kama hilo. Sikuweza kumwambia afanye kwa huruma tu. Huruma hailipi kodi ya fremu. Tukakaa. Wateja waliingia na kutoka. Mmoja, mzee wa bustani za kabeji, alikuja na malalamiko: dawa aliyouziwa safari iliyopita, si hapa, ilikuwa feki, wadudu wanaogelea ndani yake. Akaiona karatasi yangu juu ya kaunta.

"Hii ndiyo naitaka," akasema. "Sumu. Siyo yale maji yao."

Mwenye duka akanitazama. Mimi nikatazama dari. Kwa mkulima aliyechoshwa na feki, neno lile lilikuwa ahadi kwamba chupa ina nguvu. Neno lilelile lililomwambia mama "weka juu" lilimwambia mzee "itaua". Kama mababu zake waliita shanga kivunja-mji na ikanunuliwa, sumu ya wadudu itashindwaje?

Akaagiza vipande 50 vya majaribio. Tatizo likawa gundi: chupa ikishikwa na mikono yenye mafuta ya sumu, stika inateleza siku ya pili. Usiku ule nilikuwa na chupa sita mezani, nabandika na kubandua, baba ananitazama kutoka kwenye kigoda. Nilidhani hafuatilii.

"Kwa nini unabandika?" akauliza. "Funga shingoni. Kama tiketi ya mtumba."

Akaenda kuleta uzi wa kufungia mitumba. Akatoboa karatasi ngumu kwa msumari, akaizungusha chini ya kifuniko, akakaza fundo la sokoni, lile lisilofunguka bila kisu. Kisha akazima taa, akanikabidhi chupa. "Shika." Gizani vidole vyangu vilikutana na uzi mkavu, mkwaruzo wake, kabla havijafika kwenye kifuniko. Mtu asiyejua kusoma angejua. Mtu aliyeamka usiku na kiu angejua.

Lebo ile ndiyo iliyonipa alama ya juu. Fomu ya chuo ilikuwa na nafasi ya jina moja tu la mbunifu. Nilichora mstari wa pili kwa kalamu, nikaandika jina la baba na neno "fundo". Ofisini walisita kidogo, halafu wakagonga muhuri.

Nilifanya hivyo kwa sababu ya Mzee Ngosha. Mwaka 2017, magazeti ya nchi hii yaliandika habari za Francis Maige Kanyasu, aliyejulikana kwa jina hilo, mzee aliyekuwa akiishi katika hali duni Dar es Salaam na aliyesema kwamba ndiye aliyechora nembo ya taifa. Wengine walimtaja Jeremiah Kabati kuwa ndiye mchoraji. Ubishi ukaendelea, na Mei mwaka huohuo mzee akafariki. Fikiria: nembo ile iko kwenye pasipoti, mahakamani, kwenye vyeti vyetu vya kuzaliwa, na taifa zima likabaki linabishana ni mkono wa nani uliyoichora. Darasani tulijadili habari hiyo kama suala la hakimiliki. Mimi nilimfikiria baba pembeni ya mtumba wake, kofia mkononi.

Bei je? Mwenye duka aliponiuliza kila kipande ni shilingi ngapi, nilimtazama baba, naye akatazama pembeni kwa makusudi. Nilitaja bei kabla mwenye duka hajataja yake. Alilalamika, akatoa mfano wa stika za Tabora mjini, akataka kuondoka kwenye kaunta yake mwenyewe. Nikanyamaza kama baba anavyonyamaza. Akalipa. Si fedha ya kujengea nyumba. Ilitosha nauli ya treni na karatasi za safari ya pili.

Sasa nafanya kazi Tabora mjini, kwenye duka la uchapishaji: kadi za harusi, fulana za kampeni, vitambaa vya misiba, mihuri. Nikirudi Usoke hupita kwenye nyumba za jamaa, na jicho langu lina tabia ya kutafuta chupa. Mara ya mwisho niliiona moja kwa jirani ambaye sijawahi kumuuzia chochote. Ilining'inia kwenye kenchi, juu kabisa, ambako hata mimi ningehitaji kigoda. Shingoni kulikuwa na kipande cha boksi la sabuni kimefungwa kwa uzi wa mitumba. Mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu, S ya kwanza imegeuka inatazama nyuma: SUMU. Chini yake, kwa herufi ndogo, jina la kiwandani, limenakiliwa kwa uangalifu, herufi kwa herufi, na mtu ambaye bila shaka hakujua maana yake.

Nilimuuliza mwenye nyumba nani kamfundisha. Akasema hakufundishwa na mtu, ndivyo wanavyofanya watu siku hizi. Akanikaribisha chai.